Seth Nanji Kalidas Mehta: Mali Iliyovuka Rupia, Florini na Shilingi

Kamati ya maadhimisho ya hekalu letu ilipotutaka tuandike maisha ya mmoja wa wazee waliotutangulia katika Afrika Mashariki, tulimchagua Seth Nanji Kalidas Mehta kwa sababu ambayo msomaji anastahili kuijua tangu mwanzo. Kwa miaka michache iliyopita vijana wetu wamekuwa wakitujia baada ya ibada ya jioni na swali moja lenye sura nyingi: akiba iwekwe wapi? Huyu anataja hatifungani za serikali, yule viwanja, mwingine dola, na mwingine sarafu zisizoshikika ambazo huishi ndani ya simu. Wawili watatu wamekwisha kupoteza walichokidunduliza kwa kuwaamini watu waliowaahidi kuwarudishia maradufu baada ya miezi sita. Sisi tuliozeekea nyuma ya kaunta hatuwezi kudai kwamba tunazielewa njia hizi zote. Tunachojua ni kwamba kubadilika kwa fedha si jambo la jana. Nanjibhai, kama tunavyomwita kwa heshima ya Kigujarati, alikuwa mfanyabiashara katika zama ambazo fedha ya nchi hizi ilibadilishwa mara mbili katika muda wa takriban miaka miwili, na mali yake ikavuka.

Kwa majirani zetu ambao hupokea jarida hili kila tunapoadhimisha, tueleze kwamba neno Seth ni cheo cha heshima apewacho mfanyabiashara mkubwa. Jina la familia ni Mehta, Nanji ni jina lake mwenyewe, na Kalidas ni jina la baba yake.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Gorana, karibu na bandari ya Porbandar, katika rasi ya Kathiawar huko Gujarat. Ukoo wake ni wa Walohana, jamii ya wafanyabiashara. Porbandar ndiko alikozaliwa Mahatma Gandhi, miaka 18 kabla yake. Mji huo umeupa bahari uso na nchi kavu mgongo, na majahazi yake yamefuata pepo za kaskazi hadi Mombasa na Unguja kwa karne nyingi kabla ya meli za moshi. Kijana wa Porbandar aliyesikia habari za Afrika hakusikia habari za nchi ya mbali. Alisikia habari za mahali alipo mjomba.

Mwaka 1899 mvua zilikosekana, na mwaka uliofuata Kathiawar ikapatwa na njaa ambayo Wagujarati hadi leo huitaja kwa namba ya mwaka wake katika kalenda yetu, mwaka wa 56. Ng'ombe walikufa, visima vikakauka, na watu wakayahama mashamba yao. Nanjibhai alikuwa mtoto wa miaka 12 au 13. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya shule ya kijiji, nayo haikuendelea. Akiwa na umri wa miaka 13 alivuka bahari kwa mara ya kwanza, akafika Madagascar ambako jamaa zake walikuwa na biashara, akajifunza kupima, kufunga, kuhesabu na kungoja. Tunalitaja neno kungoja kwa makusudi, kwa kuwa litarudi.

Baadaye alikuja Uganda. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani zikaunganisha Kisumu na Jinja, Entebbe na bandari yetu ya Mwanza. Nanjibhai hakubaki mjini ambako maduka yalikuwa yamekwisha kusongamana. Aliingia Busoga, akafungua duka Kamuli. Duka la bara wakati huo lilikuwa chumba cha udongo na mabati, chenye majora ya marekani, chumvi, majembe, shanga na mafuta ya taa. Mwenye duka alilala humo humo. Wanunuzi wengi hawakuwa na sarafu, bali walileta ngozi, pilipili, ufuta, na baadaye pamba. Basi mwenye duka alikuwa muuzaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, na faida yake ilitegemea kujua bei ya jora kule Mombasa na bei ya ngozi kule Bombay, huku habari zote mbili zikimfikia zikiwa zimechakaa.

Pamba ndiyo iliyobadili mambo. Mbegu zake zililetwa Uganda mwaka 1903 na Kenneth Borup wa Kampuni ya Uganda, na mwaka uliofuata yalisafirishwa marobota 54 tu. Kufikia mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza marobota yalikuwa yakihesabiwa kwa maelfu mengi. Mkulima wa Busoga alilima, serikali ya kikoloni ikahimiza kwa sababu ilitaka kodi, na viwanda vya Uingereza vikahitaji nyuzi. Mwaka 1912 ilijengwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, jirani kabisa na Kamuli.

Hapa ndipo tunapoiona akili ya Nanjibhai kwa mara ya kwanza. Mali ya mwenye duka ni vitu viwili, bidhaa zilizomo rafuni na madeni yaliyomo daftarini. Bidhaa huoza au hupitwa na wakati, na mdeni huhama. Tangu ujana wetu tumewaona wenye maduka wakihesabiwa kuwa matajiri kwa madeni wanayodai, na siku wanapofariki watoto wao hukuta daftari nene na sanduku tupu. Nanjibhai aliihamisha faida ya duka polepole kutoka rafuni na daftarini akaipeleka kwenye mashine. Alianza kwa kununua pamba mbegu kwa niaba ya wengine, kisha kwa mtaji wake, kisha akajenga vinu vyake vya kuchambua pamba, ambavyo sisi wa Kanda ya Ziwa tumezoea kuviita jineri. Kadiri miaka ilivyopita akawa miongoni mwa wenye jineri wakubwa kabisa nchini Uganda.

Tueleze kidogo kazi ya jineri, kwa sababu vijana wengi wamezaliwa baada ya zile za kwetu kunyamaza. Msimu wa kununua ni wa miezi michache. Katika miezi hiyo mwenye jineri huhitaji fedha taslimu nyingi kila siku, kwa sababu mkulima hutaka kulipwa mzigo unaposhuka kwenye mizani. Fedha hizo hukopwa benki au kwa mnunuzi wa Bombay. Pamba huchambuliwa, nyuzi hufungwa marobota, mbegu huuzwa kando, na deni hulipwa baada ya marobota kufika sokoni, miezi kadhaa baadaye. Kati ya siku ya kukopa na siku ya kulipa bei ya pamba yaweza kuanguka. Kuna jambo lililo baya zaidi, ambalo watu wa kizazi kile hawakulitarajia: fedha yenyewe yaweza kubadilika.

Nalo likatokea.

Tangu mwisho wa karne ya 19 fedha ya Uganda na Kenya ilikuwa rupia ya India. Rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na watu walizoea hesabu hiyo kama walivyozoea urefu wa yadi. Huku Tanganyika Wajerumani walikuwa na rupia yao na heller zake, na ni kutokana na heller hizo kwamba mpaka leo tunasema hatuna hela. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda mno duniani, na rupia, iliyokuwa sarafu ya madini hayo, ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliamua kuifunga rupia ya Afrika Mashariki kwa kiwango kipya cha shilingi mbili za Uingereza. Maana yake ni kwamba rupia 10, badala ya 15, ndizo zilizokuwa pauni moja. Mwaka huo huo rupia ikaitwa florini. Mwaka uliofuata florini nayo ikaondolewa, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, shilingi mbili kwa florini moja, na rupia za India zikakataliwa kuwa malipo halali.

Msomaji afuate hesabu hii, kwa sababu imewaliza watu wengi. Mfanyabiashara aliyekopa rupia 15,000 kabla ya vita alikuwa na deni la pauni 1,000. Baada ya uamuzi wa mwaka 1920 rupia zake zilikuwa zile zile 15,000 kwenye karatasi, lakini sasa zilikuwa pauni 1,500. Hakukopa zaidi, wala hakuchelewa kulipa. Alilala na deni moja akaamka na deni na nusu. Pamba yake iliuzwa nje kwa pauni, kwa hiyo ilimpasa auze nusu zaidi ya ile ya awali ili alipe deni lile lile. Na wakati huo huo bei ya pamba duniani ikaporomoka, katika mwaka wa 1920 na 1921. Aliyeuza Bombay naye hakusalimika, kwa kuwa rupia ya India, ambayo haikufungwa tena pamoja na yetu, ilishuka baada ya kupanda, na malipo yake yalipogeuzwa kuwa florini yakapungua. Walowezi, wakulima na wenye maduka walilia pamoja, jambo ambalo katika siku zile halikutokea mara nyingi.

Wenye akiba ya sarafu mtungini walipoteza, na wenye madeni walipoteza. Waliosimama ni wale waliokuwa na kitu ambacho bado kilihitajika bila kujali fedha inaitwaje. Pamba ilipochambuliwa kwa rupia ilichambuliwa pia kwa florini, na kwa shilingi. Hatudai kwamba Nanjibhai aliona mbele zaidi ya wengine, wala hatupendi wasifu unaomfanya mfu kuwa nabii. Twaona tu kwamba msukosuko ulipofika, sehemu kubwa ya mali yake haikuwa sarafu.

Tena, badala ya kujikunyata, alifanya jambo zito kuliko yote aliyokuwa ameyafanya. Huko Lugazi, katika nchi ya Buganda, kando ya njia ya Kampala kwenda Jinja, alifyeka msitu na majani marefu akapanda miwa, akaagiza mitambo, na mwaka 1924 kiwanda cha sukari kikaanza kazi.

Aliyewahi kuendesha kiwanda ataelewa uzito wa uamuzi huo. Muwa huchukua takriban mwaka mmoja na nusu shambani kabla ya kukatwa, na katika muda huo wote unatoa mishahara, unanunua vyuma, unalipa riba, na hujauza hata kilo moja. Mtu wa duka huzungusha mtaji wake mara kadhaa kwa mwaka, lakini mtu wa miwa huuzika ardhini na kuungoja. Hapo ndipo lile neno la Madagascar linaporudi. Lakini sukari ilikuwa na fadhila ambayo pamba haikuwa nayo. Pamba ilikwenda ng'ambo, bei ikapangwa na watu wasioijua Busoga. Sukari ililiwa hapa hapa, ikanunuliwa kwa shilingi za hapa na watu wa Uganda, Kenya na Tanganyika, ambao kila mwaka walizidi kunywa chai. Makapi ya miwa yalichomwa kwenye matanuri ya kiwanda yakaendesha mitambo, hivyo kuni za ziada na makaa ya mawe havikuhitajika sana. Mwaka 1931 Uingereza ilipoachana na dhahabu na pauni ikashuka, na shilingi yetu ikashuka nayo kwa kuwa ilifungwa kwenye pauni, watu wa Lugazi waliendelea kukata miwa.

Kutoka Lugazi aligeuka tena kuelekea nyumbani kwao. Porbandar alijenga kiwanda cha nguo, na katika miaka ya 1950 familia ikaanzisha kiwanda cha saruji katika eneo lile lile la Saurashtra. Mwaka 1936 alianzisha huko shule ya bweni ya wasichana, Arya Kanya Gurukul. Tukumbuke mwaka wenyewe. Katika familia nyingi za wafanyabiashara wa wakati ule, kumsomesha binti kulihesabiwa kuwa gharama isiyo na marejesho, na hata humu katika jumuiya yetu fikra hiyo haijafa kabisa, ingawa hakuna anayethubutu kuitamka hadharani. Nanjibhai alikuwa mfuasi wa Arya Samaj, ambayo ilikazania elimu ya wasichana, naye alitia fedha mahali palipokuwa na imani yake. Binti yake mmoja, Savita, alikuja kuwa mcheza ngoma za kimapokeo za Manipur mwenye jina kubwa nchini India.

Kwa hiyo mguu mmoja wa mali ulikuwa Afrika na mwingine India. Wapo wanaosema kwamba huo ni ushahidi wa mtu asiyeipenda nchi alikofanikiwa. Tumelisikia neno hilo tangu utoto wetu na hatuwezi kulifuta kwa sentensi moja. Hesabu yenyewe, hata hivyo, haisemi hivyo. Mashamba ya Lugazi hayakuweza kubebwa kwenye sanduku, na kila faida iliyozikwa pale ilizikwa pale. India nayo haikuwa kimbilio salama kama watu wadhanivyo, kwa sababu mwaka 1966 rupia ya India ilishushwa thamani kutoka 4.76 hadi 7.50 kwa dola moja ya Marekani, na mwenye akiba huko akalala tajiri akaamka na theluthi moja na zaidi ya thamani imekwisha kuondoka.

Sasa tunafika mahali ambapo wasifu wa aina hii kwa kawaida huharakisha. Sisi tutatulia kidogo, kwa sababu jarida hili husomwa pia na majirani, na jirani hutambua haraka anapofichwa jambo.

Mali ya wenye jineri haikulindwa na bidii peke yake. Ililindwa na sheria. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliigawa Uganda katika kanda za pamba, ikazuia jineri mpya, na mkulima hakuwa na uhuru wa kuipeleka pamba yake popote atakapo. Wenye jineri, wengi wao Wahindi pamoja na baadhi ya Wazungu, walikuwa wachache, nao walijuana. Mkulima aliyelima kwa jembe la mkono aliiona pamba yake ikiingia katika nyumba ya mashine ambayo yeye hakuruhusiwa kuimiliki. Mwaka 1945 kulizuka migomo na ghasia, na mwaka 1949 ghasia kubwa zaidi huko Buganda. Miongoni mwa madai yaliyopelekwa mbele ilikuwamo haki ya Waafrika kuchambua pamba yao wenyewe na kuiuza watakako. Chama cha wakulima kilichoongozwa na Ignatius Musazi kilikuwa mstari wa mbele katika madai hayo. Kuanzia mwaka 1952, chini ya gavana Andrew Cohen, vyama vya ushirika viliruhusiwa na kusaidiwa kununua jineri. Ghadhabu haikuisha. Mwaka 1959 maduka ya Wahindi yaligomewa kote Buganda kwa miezi mingi.

Nanjibhai hakuitunga sheria ile peke yake, na katika siasa za kikoloni Mhindi hakuwa mwenye usukani. Lakini alinufaika nayo, kama walivyonufaika wenye jineri wote, na mashamba yake ya miwa yalitegemea vibarua waliotoka mbali, wengi kutoka Rwanda na Burundi, ambao ujira wao ulikuwa mdogo. Kila Diwali sisi wafanyabiashara huleta vitabu vipya vya hesabu hekaluni vibarikiwe mbele ya Lakshmi, na kwenye ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, heri na faida. Majirani wengi wamewahi kutuona na vitabu vile vyekundu wakatuuliza ni vya nini. Heri hutangulia, kisha faida. Katika vitabu vya pamba vya Uganda, ukurasa wa faida ulijazwa kwa mwandiko mzuri, na ule wa heri, kwa upande wa mkulima, ulibaki na nafasi nyingi tupu. Ndiyo sababu neno bepari, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara tu, wala halina ubaya, lilipoingia katika Kiswahili liliishia kuwa tusi.

Haya tumeyaandika baada ya kubishana miongoni mwetu. Baadhi ya wazee walitaka yaachwe.

Kwa upande mwingine wa mizani ni lazima kuwekwa alichokitoa. Uganda na India alijenga au kusaidia kujenga shule, hospitali na nyumba za ibada, na tungeziandika zote tungehitaji jarida jingine. Tutaje moja tu. Baada ya Mahatma Gandhi kutoka kifungoni mwaka 1944 lilizaliwa wazo la kujenga jengo la kumbukumbu pembeni mwa nyumba aliyozaliwa huko Porbandar, na Nanjibhai ndiye aliyebeba mzigo wa gharama. Jengo hilo, Kirti Mandir, lilianza mwaka 1947. Gandhi aliuawa Januari 1948 kabla halijakamilika, akiwa na umri wa miaka 78, katika mwaka wake wa 79, na mnara wake ukajengwa kwa urefu wa futi 79. Lilifunguliwa na Sardar Patel mwezi Mei 1950. Gandhi alifundisha kwamba tajiri ni mdhamini wa mali na si mwenye mali. Kama Nanjibhai aliishi hivyo kikamilifu, hilo ni swali la Mungu. Lakini jengo lile linatembelewa na yeyote bila kiingilio cha tabaka wala dini.

Mwaka 1966 kilichapishwa kitabu cha maisha yake alichokiandika mwenyewe, mtu aliyeacha shule akiwa mtoto. Mwaka 1969 alifariki dunia huko Porbandar, akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka ule wa 1966 Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa zimekwisha kuanza kutoa kila moja shilingi yake, hivyo mzee aliyeanza biashara kwa rupia za India alishuhudia fedha ya nne ya Uganda kabla ya kufumba macho.

Hakushuhudia yaliyofuata. Huku kwetu Tanzania, mwaka 1971, sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi laki moja, na wazee walioamini kwamba hakuna akiba iliyo imara kuliko matofali waligundua kwamba matofali hayakimbii. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi wa Uganda waondoke katika siku 90. Tulikuwa wanafunzi wa shule ya msingi. Tunakumbuka wazazi wetu wakiacha chakula kipoe mezani ili wasikilize redio, na majina ya miji tuliyoyasikia tangu utoto, Jinja, Kamuli, Mbale, yakitajwa na mtangazaji kwa sauti isiyo ya kawaida. Makumi ya maelfu ya watu walitoka na sanduku na pauni chache mfukoni. Familia ya Mehta ilitoka kama wengine. Lugazi, pamoja na mitambo, mashamba, nyumba na shule zake, ilibaki nyuma.

Hapo ndipo tulipo na somo gumu kwa wanaotafuta akiba isiyoguswa. Mtu alikuwa ameihamisha mali yake kutoka daftarini kwenda kwenye mashine, kutoka zao la nje kwenda chakula cha ndani, kutoka nchi moja kwenda mbili, na bado tangazo moja la redio lilitosha kuifuta nusu yake. Hakuna hesabu ya riba ambayo ingeliona hilo.

Lakini mtambo bila wanaoujua haukamui kitu. Chini ya serikali ya Amin uzalishaji wa sukari uliporomoka hadi karibu na sifuri, vyuma vikashika kutu, miwa ikarudi kuwa pori, na nchi iliyokuwa ikijitosheleza ikaanza kupanga foleni kwa robo kilo au kuinunua kwa magendo. Amin aliangushwa mwaka 1979. Mwaka 1982 Uganda ilitunga sheria ya kuwarudishia wenyewe mali zilizotwaliwa, na katika miaka hiyo ya 1980 familia ya Mehta ikarudi Lugazi na kukifufua kiwanda, kwa ubia na serikali. Waliweza kurudi kwa sababu biashara ya India ilikuwa imewapa mahali pa kusimama, na kwa sababu watoto na wajukuu walikuwa wamesoma. Waliitwa, tena wakapokelewa, kwa sababu Waganda walihitaji sukari. Zile jineri zilizolindwa kwa sheria za kanda hazikurudi kuwa msingi wa mali hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda Jinja kwa arusi ya jamaa. Baada ya mwendo wa kama saa moja hivi, barabara iliingia katikati ya miwa, pande zote mbili, mirefu kuliko mtu, na basi likalazimika kupunguza mwendo nyuma ya trekta lililovuta matela mawili ya miwa iliyokatwa asubuhi ile. Harufu ya molasi iliingia dirishani. Abiria aliyekaa nasi, mama wa makamo aliyezaliwa Lugazi, alituambia kwamba baba yake na yeye mwenyewe waliwahi kufanya kazi kiwandani pale, na kwamba mwanawe alikuwa kwenye karakana ya mitambo wakati ule. Hakulitaja jina la Nanjibhai hata mara moja, nasi hatukumwuliza. Alishuka penye lango la kiwanda, akanunua ndizi za kuchoma, akavuka barabara.